GTX 1060 na GTX 1650: ipi inafaa pale umeme unapokuwa haba?

Kadi ya michoro ni sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha zinazoonekana kwenye skrini. Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa GeForce GTX 1060 mwaka 2016 na GTX 1650 mwaka 2019.

GTX 1060 ya gigabaiti 6 ina viini 1,280, na kumbukumbu yake hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde. GTX 1650 ya awali ina gigabaiti 4, viini 896, na hupitisha gigabaiti 128. Kinadharia, ile ya zamani hufanya mahesabu trilioni 4.4 hivi kwa sekunde. Ile mpya, trilioni 3 hivi.

Hata hivyo, GTX 1060 hutumia hadi wati 120 na huhitaji waya wa ziada wa umeme, ambao kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika hazina. GTX 1650 hutumia wati 75, na matoleo yake mengi hupata umeme wote kupitia ubao mkuu wa kompyuta.

Kwa hiyo, mwenye studio ndogo ya video Kanyosha, anayetegemea betri umeme ukikatika, apime kwanza uwezo wa umeme alio nao, ndipo alinganishe kasi.