Gitaa la Matsumoto, dansi la Masasi

Aliyetoka Chiwata kwenda Masasi mjini kucheza dansi miaka ya 1980 hakuwa na haja ya kujua gitaa la solo limetengenezwa wapi. Alitaka lilie. Msimu wa korosho ulipowadia na wakulima wakaanza kulipwa, bendi za Dar es Salaam zilishuka kusini kuzifuata fedha hizo. Vyombo vilifunikwa turubai juu ya lori, watu wakasubiri pantoni ya Ndundu kuvuka Rufiji, maana daraja lenye jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso, lilikuja kufunguliwa 2003. Kisha Kilwa, Lindi, na ndipo Masasi na Newala. Gitaa lililomaliza barabara ile bila shingo kupinda lilistahili heshima, liwe la Marekani au la Japani.

La Japani, hata hivyo, lina kisa chake.

Mwaka 1954 kampuni ya Fender ya Fullerton, California, ilitoa gitaa la umeme lililoitwa Stratocaster: pembe mbili, pikapu tatu za kunasa mlio wa nyuzi, mwili uliochongwa ukalalia mbavu za mpigaji. Januari 1965 shirika la utangazaji la CBS likainunua Fender kwa dola milioni 13. Kiwanda kikapanuliwa, magitaa yakatoka kwa wingi, na ubora ukaporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 wapigaji wengi waliojali sauti walikuwa wakisaka magitaa ya zamani na kuyakwepa mapya.

Huko Japani kulikuwa na watu waliokuwa wakiyafungua hayo ya zamani skrubu kwa skrubu. Tokai, wa mji wa Hamamatsu, walinakili Stratocaster ya miaka ya 1950 wakaiita Springy Sound. FujiGen, kiwanda cha Matsumoto kilichoanza 1960 kwa magitaa ya kawaida yasiyo ya umeme, kilitengeneza nakala zilizouzwa na wafanyabiashara wa Kanda Shokai kwa jina la Greco. Wamarekani walijaribu mahakama: mwaka 1977 wenye Gibson waliwashtaki wasambazaji wa Ibanez kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa, na shauri likamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Nakala zikaendelea.

Fender wakachagua njia nyingine. Mwaka 1982 waliungana na haohao Kanda Shokai, pamoja na Yamano Gakki, wakaanzisha Fender Japan, na kazi wakapewa FujiGen: tengenezeni Stratocaster ya 1957 na ya 1962, kama zilivyokuwa. Yaani aliyekuwa akinakili kwa mlango wa nyuma akakabidhiwa jina lenyewe. Dan Smith, aliyekuwa akishughulikia masoko ya magitaa Fender, alisimulia baadaye kwamba sampuli za kwanza zilipowafikia wenzake karibu walie, kwa sababu Wajapani walikuwa wamefanya kile ambacho wao kilikuwa kikiwatoa jasho. Mwaka 1985 CBS iliiuza Fender kwa wafanyakazi wake wakiongozwa na Bill Schultz, na kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo. Kwa muda, magitaa mengi ya Fender yaliyokuwa sokoni yalikuwa ya Matsumoto.

Ukilishika mojawapo ya yale ya mwanzo, ligeuze. Mgongoni, shingo inapoungana na mwili, kuna bamba la chuma lenye skrubu nne, na juu yake herufi JV zikifuatwa na tarakimu tano. Hizo ni za 1982 hadi 1984. La 1957 lina shingo ya mbao tupu ya mepo (maple), nyeupe. La 1962 limebandikwa juu yake ubao mweusi-mwekundu wa mti ulio ukoo mmoja na mpingo wetu, huu wanaouchonga Wamakonde. Katika orodha za Japani, namba ya mwisho ilikuwa bei kwa maelfu ya yen: ST57-115 maana yake yen 115,000.

Wapo wanaobeza kwamba nakala ni nakala tu. Kwa mpenzi wa dansi hoja hiyo haina miguu. Bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah kule Morogoro ilijifunza kwa santuri za Cuba, na vijana wetu wakajifunza solo kwa kusikiliza Wakongo mpaka sahani ikachakaa. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipokwenda Osaka na bendi ya Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70, alifika nchi ya wanakili wenzake, miaka kumi na miwili kabla ya Fender kuwakubali.

Tofauti kati ya wanakili wa Japani na wetu ilikuwa mfukoni. Vita vya Kagera vilipokwisha 1979 fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, na hata seti ya nyuzi ilikuwa ya kutafutwa. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: vya NUTA, bendi iliyoanzishwa 1964 na baadaye ikawa JUWATA, vilikuwa vya chama cha wafanyakazi; jeshi na polisi walikuwa na vyao. Mwanamuziki akihama aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki stoo. Ndiyo maana hadithi za dansi letu zimejaa majina ya wapigaji, na majina ya magitaa ni adimu.

Stoo za namna hiyo bado zipo, mijini na kwenye mashirika yaliyokwisha kubadilisha majina mara tatu. Mwenye ufunguo akikuta gitaa lenye vumbi, aligeuze kwanza asome bamba. Akiona JV na tarakimu tano, asibadilishe pikapu, asilipake rangi upya, na mnunuzi wa kwanza akitaja bei, amwambie arudi kesho.