Mpisho, Si Kikwazo wala Kurudi Nyuma

Nimeletewa mwongozo uliotafsiriwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko Uingereza, unaohusu mitambo midogo ya upepo katika viwanja vya watu. Humo mwenye nyumba anaagizwa ahakikishe kwamba kikwazo cha mtambo wake hakipungui urefu wa mtambo wenyewe ukiongezwa asilimia 10. Kikwazo! Mfasiri alifungua kamusi, akakuta maana ya kwanza ya neno la Kiingereza setback, akafunga kamusi. Msomaji mtiifu atatafuta gogo la mita kumi na mbili alilaze mbele ya mlingoti wake.

Kinachokusudiwa anakijua yeyote aliyewahi kupimiwa kiwanja: ile nafasi kati ya jengo na mpaka ambayo mwenye ardhi haruhusiwi kuijenga. England iliiwekea mitambo ya nyumbani kipimo mwezi Desemba 2011. Mtambo unaosimama peke yake uani, usiozidi mita 11.1 hadi ncha ya panga linapofika juu kabisa, haulazimiki kuombewa kibali cha mipango miji, mradi utimize masharti kadhaa: mapanga yasishuke chini ya mita 5 kutoka ardhini, na mtambo usimame mbali na mpaka kwa urefu wake wote na asilimia 10 zaidi. Kwa mtambo wa kimo hicho ni mita 12.21. Ukianguka, uangukie kwa mwenyewe.

Kamati moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa wajumbe wake wanajijua, imetuokoa na kikwazo ikatutumbukiza katika "umbali wa kurudi nyuma". Maneno manne kwa dhana moja si istilahi, ni maelezo, tena maelezo ya uongo. Mlingoti haujawahi kuwa mbele hata urudi. Na nyuma ni wapi, ilhali kiwanja kina mipaka pande zote? Mwenye mtambo ulio nyuma ya nyumba, akiambiwa arudi nyuma, atazidi kumsogelea jirani wa upande huo; atavunja sheria kwa kuitii. Niliyaandika hayo kwa kirefu na kwa adabu. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba pendekezo limepokelewa. Limepokelewa, naam, kama mgeni anayeachwa barazani bila hata maji.

Pendekezo lenyewe ni mpisho. Chimbuko lake ni pita. Kiswahili kikitaka kusema kwamba fulani amemfanya mwenziwe atende, mara nyingine hulainisha konsonanti ya mwisho wa mzizi: takata huzaa takasa, pata huzaa pasha, tunayoisikia katika kupasha habari, pita huzaa pisha. Kupisha basi ni kumwezesha mwingine apite, na kwa kuwa hakuna apitaye palipozibwa, ni kujiweka kando, kwa hiari au kwa amri. Tanzania nzima inalijua neno hili kwa maana ya ardhi hasa: wapo waliopisha barabara, waliopisha reli, waliopisha bomba. Sasa tia m- mwanzoni na -o mwishoni, kama lugha ilivyolifanyia neno isha ikapata mwisho. Isha, mwisho, pisha, mpisho. Hakuna kamati iliyokaa kuunda mwisho, wala sijasikia mtu akililalamikia.

Mtaalamu mmoja, ambaye kila neno lisilo lake humwasha masikio, amesema mpisho unanuka jikoni kwa kuwa ni jirani wa mpishi. Sh ya mpishi imetokana na k ya pika. Sh ya mpisho imetokana na t ya pita. Anayezichanganya na aende huko huko jikoni. Yeye alipendekeza mwanya, neno ambalo hata meno ya mbele yanalo na ambalo halimwamrishi mtu lolote. Wengine wametaja uchochoro, ambao ni njia ya watu wote baina ya nyumba na nyumba, na hifadhi ya barabara, ambayo si ya mwenye kiwanja. Mpisho ni ardhi yako. Hati ni yako, mchicha ni wako. Mlingoti tu ndio hauna ruhusa.

Tena kupisha kuna pande mbili, anayepisha na anayepishwa, na sheria nzuri huzitazama zote. California, kwa sheria yake ya 2009 iliyohusu maeneo yaliyo nje ya miji, iliziwekea kaunti kikomo: zisidai mpisho unaozidi urefu wa mtambo, isipokuwa pale kanuni za moto zinapotaka zaidi. Jaribu kulisema hilo kwa umbali wa kurudi nyuma, usikilize linavyokwama.

Matumizi: ngeli ya M-MI, wingi mipisho, mpisho wa mbele, wa nyuma, wa ubavuni, mtambo umevunja mpisho.

Wapimaji, wachoraji ramani na wafasiri wasingoje kikao kingine. Waandike mpisho katika michoro na miongozo yao kuanzia sasa, na mwongozo ule ukichapwa upya, kikwazo kiondolewe.