Vijana Waliovuka Bahari

Msomaji mpenzi, ukisimama Laiser Hill, pale Ongata Rongai, asubuhi hewa ikiwa safi, utaiona milima ya Ngong upande wa magharibi kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Na kama makazi yako ni Kitengela, huna haja ya kuambiwa habari za ndege zinazopaa na kutua Embakasi, maana sauti zake wazisikia mchana na usiku. Labda umepata kuziangalia ukajiambia moyoni, "Siku moja nami nitakuwa ndani ya mojawapo." Tamaa hiyo si aibu. Kutembea kwingi ni kuona mengi, nao wazee wetu hawakukosea waliposema hivyo. Lakini kabla hujalifunga sanduku lako, yafaa uwajue vijana waliokutangulia katika njia hiyo. Hadithi zao zina mambo madogo ya kuchekesha, na zina swali moja kubwa ambalo kila mmoja wao alilazimika kulijibu: mtu akipelekwa ng'ambo kwa mali na matumaini ya wengi, atarudi na nini mkononi?

Tuanze na Mmaasai. Jina lake Molonket ole Sempele, naye alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza wa nchi hii kwenda kusoma Marekani. Katika mwaka 1909 alifuatana na mmisionari mmoja, John Stauffacher, aliyekuwa akirudi kwao kwa likizo. Nauli hakupewa na serikali, wala hakukuwa na chama cha kumlipia. Aliuza ng'ombe wake.

Wewe unayeishi Kajiado huhitaji maelezo marefu juu ya neno hilo. Ng'ombe kwa Mmaasai si fedha tu. Ni chakula cha watoto, ni mahari, ni urafiki baina ya jamaa na jamaa, na ni heshima ya mtu mbele ya wenziwe. Kijana aliyetoa ng'ombe zizini ili anunue masomo aliweka ujana wake rehani. Kama masomo yangemshinda, asingekuwa na masomo wala ng'ombe.

Siku zile ndege za abiria hazikuwapo. Msafiri wa kwenda Marekani alishuka pwani kwa gari la moshi, akapanda meli, na majuma mengi yakapita kabla hajaiona bandari ya mwisho. Ole Sempele alifika katika mji mdogo wa Boydton, jimbo la Virginia, akaingia katika shule ya Biblia na elimu ya kawaida iliyowasomesha watu weusi. Fikiri, msomaji, ugeni wa mahali pale. Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, yaani miaka arobaini na minne tu kabla ya yeye kufika. Kila mzee mweusi wa Virginia aliyepita umri wa miaka hamsini alikuwa amezaliwa kabla ya siku hiyo. Tena uhuru wenyewe ulikuwa na mipaka. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1900 iliwatenga weupe na weusi katika mabehewa ya gari la moshi. Kijana aliyezoea mbuga isiyo na ua ilimpasa kujua kwanza behewa gani aruhusiwa kuketi.

Alirudi mwaka 1912. Alipokuwa mbali, mambo makubwa yalikuwa yamewapata watu wake. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwaahidi Wamaasai kwamba nchi ya Laikipia ingebaki yao. Mapatano ya mwaka 1911 yaliiondoa ahadi hiyo, na watu pamoja na mifugo yao wakahamishwa kwenda kusini. Wamaasai walikwenda kortini mwaka 1913 kudai haki yao, lakini korti iliamua kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola na dola, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuyahukumu. Basi hili ndilo somo la kwanza, msomaji: nyumbani hakukungojei. Unapohesabu miezi ya masomo yako ughaibuni, kwenu nako miezi inahesabiwa, na mambo yanatendeka bila wewe.

Sasa turuke miaka hamsini mbele. Karibu na mwaka 1959, kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya juu alikuta mlango mwembamba. Chuo cha Makerere huko Uganda kilikuwa na nafasi chache, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kichanga, maana kilifunguliwa mwaka 1956. Walikuwapo vijana waliokwisha kupata nafasi na hata ufadhili wa masomo katika vyuo vya Marekani, lakini nauli hawakuwa nayo. Tom Mboya, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ambaye mwaka huo alitimiza umri wa miaka 29, alisafiri Marekani akahutubia watu mji baada ya mji. Akasaidiwa na mfanyabiashara William Scheinman, na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari ya pili. Kufikia mwaka 1963 wanafunzi wapatao 800, wengi wao wa Kenya na wengine wa nchi jirani, walikuwa wamevuka kwa mpango huo.

Lakini usidhani kwamba mzigo wote ulibebwa na Wamarekani. Vijijini zilifanywa karamu za chai. Huyu alitoa shilingi mbili, yule kuku, mwingine kikapu cha mayai cha kunadiwa, na senti zile zikawa sanduku, viatu, koti na fedha za mfukoni. Mwanafunzi aliyepanda ndege alikuwa amebebwa na kijiji kizima.

Kati ya waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri wa miaka ishirini, aliyekuwa amemaliza shule ya sekondari ya Limuru. Jina lake Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kuwa Wangari Maathai. Mambo yake ya ugenini aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na mengi ni mambo ambayo wewe pia ungeyastaajabia. Aliiona Sahara kwa juu, mchanga usiokwisha. Huko New York alikuta majumba marefu yanayomfanya mtu aumie shingo, na ngazi zinazokwenda zenyewe, ambazo mgeni hajui aanze na mguu upi. Kisha yeye na wenzake wakapanda basi kuelekea jimbo la Kansas, safari ya karibu kilomita 2,000.

Njiani, katika jimbo la Indiana, basi lilisimama, na wale vijana wakaingia mkahawani wapoze koo. Wakaambiwa kwamba wanaweza kununua vinywaji, lakini sharti wakavinywe nje. Kosa lao lilikuwa rangi ya ngozi. Tazama, msomaji: watu wameacha nchi iliyotawaliwa na wageni, wamefika katika nchi inayosifiwa kwa uhuru, na kumbe kiti cha mkahawa hawakipati. Mwaka ule ule, tarehe 1 Februari, wanafunzi wanne weusi wa Greensboro, jimbo la North Carolina, walikuwa wameketi katika meza ya duka lililowakataa, wakagoma kuondoka, na kitendo chao kikaenea miji mingi. Vijana wa Kenya hawakwenda Marekani kusoma vitabu tu. Walijifunza pia kwamba haki hudaiwa kila mahali.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuhesabu ubaya tu. Huko Atchison, katika chuo cha Mount St. Scholastica kilichoongozwa na masista, Wangari alipata ukarimu mkubwa. Marafiki walimkaribisha kwao siku za sikukuu, ili asibaki peke yake wengine wakienda makwao. Alijifunza kwamba kuna majira ambayo miti hubadilisha rangi ya majani, kisha ikayapukutisha yote ikabaki uchi kana kwamba imekufa. Aliona vijana wa kike na wa kiume wakicheza dansi mbele ya wakubwa bila kuona haya, jambo ambalo malezi yake yalikuwa yamemkataza. Siku za likizo ndefu alifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya Kansas City. Na wenzake wengi wa safari ile waliosha vyombo, walifagia, walipanga vitabu maktabani. Mwana wa mtu aliyeheshimiwa kwao aliweza kujikuta jioni mikono yake imo katika povu la sabuni. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Kazi ile haikuwashusha. Iliwafundisha kwamba heshima ya mtu haimo katika kazi anayoifanya bali katika jinsi anavyoifanya.

Upweke nao ulikuwapo. Siku zile simu ya kuvuka bahari ilikuwa ghali mno, na habari za nyumbani zilikwenda kwa barua. Mama akiugua, mwanafunzi alizipata habari siku nyingi baadaye, pengine mama amekwisha pona, pengine sivyo. Wewe ambaye leo unaweza kuuona uso wa ndugu yako aliye Ulaya katika simu ya mkononi, usiudharau ustahimilivu wa watu wale.

Wangari alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1964, na ya pili huko Pittsburgh. Aliporudi Nairobi mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi. Akafika, akaambiwa kwamba nafasi ile imepewa mtu mwingine. Wengi wangekata tamaa, au wangegeuza nyuso kurudi walikotoka. Yeye akabaki, akatafuta kazi nyingine, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1977 alianzisha shughuli ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wanakijiji waliochanga senti zao kumbe hawakuzitupa.

Nifunge na mtu wa karibu nawe zaidi. Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, George Saitoti alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, naye alianza masomo katika chuo kikuu cha Brandeis, jimbo la Massachusetts, kwa ufadhili uliowekwa kwa wanafunzi wa nchi za kigeni. Kutoka huko alikwenda Uingereza, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamivu katika hisabati huko Warwick. Akarudi akafundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye akawa mbunge wa Kajiado Kaskazini na, kwa muda, Makamu wa Rais. Alikufa katika ajali ya helikopta karibu na Ngong, tarehe 10 Juni 2012. Katika siasa watu walimsifu na watu walimlaumu, na historia itaendelea kumpima. Lakini ya kwamba mtoto wa nchi hii aliweza kusimama mbele ya wanahisabati wa Ulaya akajieleza na kukubaliwa, hilo halina ubishi.

Basi, msomaji, umewaona watatu: mmoja aliuza ng'ombe, mmoja alibebwa na mpango wa taifa linalozaliwa, mmoja alipata ufadhili wa chuo. Wote walikula vyakula wasivyovijua, wakapata baridi isiyo na mfano, na bila shaka walipotea njia na kuchekwa kwa matamshi yao. Hayo ni madogo, nawe yatakupata, nawe utayacheka baadaye. Lililo kubwa ni hesabu ya mwisho. Ukipata bahati ya kwenda, andika mahali utakapopaona kila siku majina ya watu waliokuwezesha: aliyeuza mbuzi, aliyekopa, aliyekuombea. Kila jambo likikutatiza, yasome majina yale. Na usipopata bahati hiyo, usijione umepungukiwa. Wangari alikwenda mbali akajifunza elimu ya viumbe, lakini miti aliipanda huku nyumbani, katika udongo huu huu unaoukanyaga. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.