Samaki Katika Kipilefti

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiye na zana autumie mtaa. Basi nikiwa mwalimu hapa Mwanza niliwatoa wanafunzi darasani, tukazunguka mjini kusoma vitu vilivyosimamishwa barabarani kana kwamba ni kurasa za kitabu.

Tulianzia mnara wa saa. Kibao chake kilieleza kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo. Kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuuliza: je, mvuvi aliyekuwa mtumbwini siku hiyo, yeye alikuwa akitazama nini?

Swali lile ndilo historia yenyewe. Kule Dar es Salaam, Wajerumani walisimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao wa zamani, mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, na mwaka 1927 wakasimamisha yao, ile ya Askari. Mwenye nguvu ndiye aliyechagua wapita njia wamkumbuke nani.

Tulipojitawala tukachagua wenyewe. Mwanza ikamweka samaki katikati ya kipilefti, na chaguo hilo silikosoi. Samaki amelipa karo za watoto wengi. Hata hivyo, sanamu haisemi yote. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Viwanda viliposhamiri katika miaka ya 1990, minofu ilisafirishwa Ulaya, na maskini wetu wakanunua mapanki.

Kuna ukurasa mwingine, nao hauko katikati ya mji. Jumanne tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Wengi walizikwa Igoma, kando ya mji, na huko ndiko uliko mnara wao. Anayekwenda Igoma ni yule ambaye tayari anakumbuka. Anayekata tiketi bandarini hauoni.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu wapatao 100. Waliokufa walizidi 220. Kosa la kujaza watu kupita kiasi lilikuwa lile lile, na walioingia kivukoni siku hiyo hawakuwa na cha kuwaonya.

Mjini Budapest, nchini Hungaria, tangu mwaka 2005 kuna jozi 60 za viatu vya chuma ukingoni mwa mto Danube, mahali Wayahudi walipopigwa risasi wakaangukia majini. Hakuna mnara mrefu wala uzio. Viatu viko palepale jambo lilipotendeka, na mpita njia hukutana navyo bila kukusudia.

Wasanii vijana wa Mwanza wana uwezo wa kufanya kazi ya namna hiyo. Ningewaomba waiweke gatini, kwenye foleni ya abiria, na kando yake waandike kwa herufi kubwa idadi ya watu ambao chombo kinachosubiriwa kinaruhusiwa kubeba. Mtoto aliyefika darasa la pili ataweza kuisoma, akaanza kuhesabu waliomtangulia.