Miezi Mitatu ya Mzazi

Kwetu Uchagani, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwanamke mjamzito hakuwa wa mumewe peke yake. Mimba ilipojulikana, mama mkwe ndiye aliyemwangalia. Mzigo wa majani ya ng'ombe ulibebwa na mwingine, alichotamani kula alitafutiwa, na aliyemgombeza alilaumiwa na ukoo mzima.

Baada ya kujifungua, mzazi alikaa ndani miezi mitatu. Alilishwa mtori, akanywa mlaso, yaani damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa, ili nguvu zimrudie. Hakushika jembe. Otto Raum, katika kitabu chake juu ya utoto wa Wachagga kilichochapishwa mwaka 1940, ameeleza siku ya kutoka: mzazi alinyolewa, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi, akashikishwa fimbo ya kizee, kisha akaenda sokoni na mwanawe huku akiimbiwa kama askari aliyerudi vitani. Wazee walijua kwamba kuzaa ni vita.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mwaka 1976, nilikuwa sijakisoma kitabu hicho. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikiamini kwamba kila cha kale ni ushirikina. Mama alipokuja na kibuyu cha mlaso, nilimwambia mzazi anahitaji kliniki tu. Hakunijibu. Alikiweka kibuyu chini, akaondoka.

Wiki ya tatu mke wangu alikuwa bondeni anakata majani. Mwezi wa pili maziwa yakampungua, nikaanza kununua ya kopo. Akaniambia, "Mama alitaka nipumzike, wewe ukamrudisha."

Kuhusu kliniki sikukosea. Imeokoa wazazi na watoto wengi. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba kliniki haichoti maji wala haikati majani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Ni karibu miezi mitatu ile ile ya wazee wetu. Lakini mwanamke anayelima kihamba hana mwajiri. Likizo yake ilikuwa mila, na sisi wasomi ndio tuliomnyang'anya.

Mkwe wangu alipojifungua, sikuwa na taji la kumvika. Nilichukua mundu, nikashuka bondeni.