Tiba kwa Vitendo Katika Ulimwengu wa Kidijitali: Simu, Jumuiya za Mtandaoni na Utu wa Mgonjwa

Tiba kwa vitendo ni taaluma ya afya inayomsaidia mtu aliyepungukiwa uwezo kutokana na ugonjwa, ajali, ulemavu au uzee aweze kuzifanya tena shughuli zinazounda maisha yake ya kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kupika, kulima, kusoma, kucheza, kufanya biashara na kusali pamoja na wenzake. Fiziotherapia hushughulikia hasa mwendo na nguvu za mwili. Tiba kwa vitendo huanza kwa kumuuliza mgonjwa anahitaji na anatamani kufanya nini, kisha hutafuta njia ya kumfikisha hapo, ama kwa kumzoeza upya, ama kwa kubadili chombo anachotumia au mazingira anamoishi.

Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza mwezi Machi 1917 huko Clifton Springs, katika Jimbo la New York nchini Marekani. Miongoni mwa waasisi wake alikuwemo msanifu majengo George Edward Barton, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu na kupooza upande mmoja wa mwili. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo liliundwa mwaka 1952, na Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani huadhimishwa kila tarehe 27 Oktoba.

Umbali kati ya hospitali na nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wanaishi na hali za kiafya ambazo zingeweza kunufaika na huduma za utengamao. Nchini Tanzania, wataalamu wa tiba kwa vitendo ni wachache, na wengi wao wamo katika hospitali kubwa za mijini kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi. Mgonjwa wa kiharusi akisharuhusiwa, hurudi kijijini kwake, pengine umbali wa mamia ya kilometa. Huko ndiko safari ndefu ya kupona inakoanza, kwa maana mkono uliopooza huhitaji mazoezi ya miezi mingi.

Asipokuwepo mtu wa kuongoza, mambo mawili hutokea. Kwanza, viungo visivyotumika hukakamaa. Pili, ndugu, kwa upendo wao, humfanyia mgonjwa kila kitu: humlisha, humvika na kumnawisha, hata yale ambayo angeweza kuyafanya mwenyewe kwa taratibu. Upendo huo usioelekezwa humnyima nafasi ya kupona. Hapo ndipo simu ya mkononi inapoweza kuwa na manufaa makubwa.

Namna teknolojia inavyotumika

Mwaka 2014 Shirikisho la Dunia lilitoa tamko kuhusu huduma za tiba kwa vitendo zinazotolewa kwa njia ya mawasiliano ya mbali, na janga la UVIKO-19 lililoanza kuenea mwaka 2020 likayafanya matumizi hayo kuwa ya lazima mahali pengi. Kwa kawaida hutumika katika njia zifuatazo:

Kuyaona makazi ya mgonjwa. Kwa simu ya video, mtaalamu huona kimo cha kizingiti, kigoda cha jikoni, mafiga, ndoo ya maji na njia ya kwenda chooni. Hayo hayaonekani wodini. Anaweza kushauri kwamba mpini wa kijiko uongezwe unene kwa kuviringishwa kipande cha mpira wa baiskeli, au kwamba nguzo ya kushikilia isimikwe karibu na choo.

Kufuatilia maendeleo. Familia hurekodi video fupi ya mgonjwa akivaa shati au akimenya viazi, kisha huituma. Mtaalamu huigawa kazi hiyo katika hatua ndogondogo, hutambua ni hatua ipi inayomshinda mgonjwa, na kuelekeza zoezi la juma linalofuata.

Kurahisisha matumizi ya simu yenyewe. Kutuma fedha, kupokea taarifa ya msiba na kuwasalimu watoto walio mbali ni shughuli za kila siku siku hizi. Basi kumrudishia mtu uwezo wa kutumia simu ni sehemu ya tiba. Maandishi yanaweza kukuzwa. Asiyeona vizuri anaweza kusomewa kilichoandikwa kwenye kioo cha simu. Na ambaye vidole vyake havimtii anaweza kutuma ujumbe wa sauti, au kuzungumza kwa Kiswahili na simu ikamwandikia.

Hata hivyo, simu ina mipaka. Haiwezi kupima ukakamavu wa kiungo kwa mguso, wala kumdaka mgonjwa anayeanguka. Mgonjwa anayepaliwa mara kwa mara anapokula, aliyepata vidonda vya kulalia, au ambaye uso wake umepinda ghafla na mkono kuishiwa nguvu, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Asingojee majibu ya ujumbe.

Jumuiya za mtandaoni: faida na hatari zake

Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji, na ndugu wanaowauguza wagonjwa wa kiharusi, mara nyingi huunda makundi ya WhatsApp. Humo mama aliyedhani yuko peke yake hukutana na mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyohiyo, na hujifunza namna ya kumkalisha mtoto wakati wa kumlisha. Wataalamu nao walio katika vituo vya mbali hushauriana na wenzao kuhusu visa vigumu.

Lakini katika makundi hayohayo hupenya wauzaji wa dawa zinazodaiwa kuponya kila ugonjwa, na watu wanaowashawishi wazazi kuacha tiba wakiahidi miujiza kwa malipo. Aidha, picha za wagonjwa na watoto walio uchi nusu husambazwa kwa nia ya kuomba msaada, pasipo idhini ya mhusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zaidi ya sheria, mtoto ana heshima yake mbele ya Mungu, naye siku moja atakua na kuziona picha hizo.

Mwanga wa Mafundisho ya Kanisa

Katika Waraka wake wa Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni binadamu kamili mwenye haki zake, na anapaswa kusaidiwa kushiriki katika maisha ya jamii na katika kazi kadiri ya uwezo wake. Kumrejeshea mtu uwezo wa kutenda ni kuitambua hadhi hiyo.

Kuhusu mitandao, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2019, alitumia fundisho la Mtume Paulo kwamba sisi ni viungo, kila mmoja kwa mwenzake. Alieleza kwamba mtandao ni mwema unapoandaa au kuendeleza kukutana kwa watu ana kwa ana, na kwamba hauwezi kuchukua nafasi ya kukutana huko. Injili ya Marko inasimulia habari za mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne waliompitisha darini. Mgonjwa yule alifika kwa sababu walikuwepo watu wa kumbeba.

Wajibu wa parokia na jumuiya

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kutenda mengi bila gharama kubwa. Ziwatambue wagonjwa waliorudi kutoka hospitali. Zimteue kijana mmoja mwenye simu ya kisasa, akamsaidie mgonjwa kuzungumza na mtaalamu wake kwa siku na saa iliyopangwa, kwa idhini ya mgonjwa na kwa kutunza siri zake. Zichangie kifurushi cha intaneti kama zinavyochangia nauli. Seremala wa jumuiya atengeneze kiti au nguzo iliyoshauriwa. Viongozi wa makundi ya mtandaoni wazuie matangazo ya waganga matapeli, na wasiruhusu picha ya mgonjwa bila ridhaa yake au ya mlezi wake.

Wanajumuiya wanapomtembelea mgonjwa, wampe pia nafasi ya kutenda: atangaze nia za sala, agawe vitabu vya nyimbo, au awasalimu kwa ujumbe wa sauti wale walioshindwa kufika. Yote aliyoelekezwa kwa simu na mtaalamu wake yanapata maana anapokuwa na mahali pa kuyatumia, miongoni mwa watu wanaomhitaji.