Sabufa

Mpunga ukishauzwa, duka la vifaa vya umeme Ifakara huulizwa sabufa. Kiasili hiyo ni spika ya besi tu, inayonguruma chini ya hezi 100 hivi. Mtaani neno limemeza seti nzima, rimoti na spika ndogo zikiwamo.

Utata huja mteja akitaka "kuongezewa sabufa". Besi, au za pembeni? Fundi makini huigeuza spika na kusoma mgongoni: omu 4 au 8, wati ngapi. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya dhaifu huchemka.

Katika seti ya kutazamia filamu, spika tatu za mbele ziwe za ukoo mmoja, la sivyo sauti ya mwigizaji hubadilika akivuka skrini. Za nyuma zinavumilika.